Debe la Vitovu

Ilikuwa katika ile miaka ambayo birika la chai lilishapewa haki ya kumkatalia mtu. Si kila birika, hapana. Yale ya ofisini tu, yaliyounganishwa na rekodi za zahanati. Basi Jumatatu moja asubuhi, juu kwenye mteremko wa Rungwe, mahali ambapo mvua hunyesha hadi ndani ya kabati na soksi ukizianika Jumapili unazianua Jumatano zimeota uyoga, birika la Kituo cha Nyuzi lilimwambia Subilaga Mwakatundu, Mama Lusajo kwa wenzake, kwamba kikombe cha tatu hapati.

"Presha yako imepanda, mama," lilisema kwa upole.

"Umeipandisha wewe," alijibu Subilaga. Akalichomoa kwenye umeme, akatafuta sufuria, akachemsha maji yake kama mtu aliyezaliwa na mwanamke mwenzake.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mikono mipana kama ya mkanda unga, na miezi mitatu tu ya kazi iliyobaki. Cheo chake kilikuwa mlazaji, mtu wa kumlaza mnyama usingizi. Kwenye kituo chote, chenye madaktari wanne na mashine ya upasuaji iliyoitwa Sindano, hakuna aliyeruhusiwa kumpasua mnyama mpaka mlazaji aweke dole gumba kwenye fomu, chini ya maneno mawili yaliyochapwa kwa herufi kubwa: MNYAMA HAHISI. Ndiyo ilikuwa sheria. Sindano yenyewe, iliyoweza kushona kope ya mbu, ilikaa imenyamaza kama bibi harusi ikisubiri dole la Subilaga.

Waliopasuliwa walikuwa panya buku, tena vichanga wa siku tatu. Kila mmoja alitiwa uzi kichwani, mwembamba kuliko unyoya wa vumbi, na ubongo ukakua ukiuzunguka kama mti unavyomeza waya wa uzio. Panya huyo akishakuwa mkubwa, mwokoaji wa Chunya akivaa kilemba cha kupokelea, alisikia anachosikia panya na kunusa anachonusa. Mgodi ukibomoka na watu wakafunikwa, panya alipenya mahali ambapo hata moshi ungeomba njia, na mtu mwenye kilemba juu akajua: yuko hapa, anapumua, chimbeni. Ukutani ofisini kulikuwa na picha za waliotolewa hai. Mia mbili na kumi na tatu. Picha ya thelathini na moja ilikuwa ya Ambokile, mdogo wake Subilaga wa tumbo moja, akicheka na udongo masikioni.

Kwa hiyo Subilaga hakuwa mtu wa kuidharau kazi hii. Aliipenda. Alikuwa nayo miaka kumi na moja.

Uzi ulitakiwa kuingia siku ya tatu, fuvu likiwa bado laini kama utando wa maziwa. Na kichanga cha siku tatu hakilazwi kwa sindano wala kidonge. Hulazwa kwa barafu. Subilaga alikivalisha kidole cha glavu kilichokatwa, akakizika kwenye sinia la barafu iliyosagwa, akahesabu dakika nne. Rangi yake ya waridi iligeuka majivu. Akakibana mguu kwa kibanio. Kisipouvuta, dole kwenye fomu. Sindano ikaingiza uzi, ikauwasha, ikashona. Kisha Subilaga alikipasha joto viganjani mwake, akakisugua na nyasi za kiota chao wenyewe, maana mama panya akinusa harufu ya chuma na dawa kwa mwanawe, humla.

Na kila kilipoanza kujinyonganyonga, alikiinamia akakisalimu kwa salamu ya asubuhi ya kwao Unyakyusa, ile ya kumuuliza mtu kama amelala salama. "Ugonile?"

Wenzake walicheka. Yeye aliona ni adabu tu. Umemlaza mtoto wa watu, akiamka umuulize.

*

Jumatatu hiyo walikuwa wanamstaafisha Kisa.

Kisa ndiye aliyemtoa Ambokile. Sasa alikuwa ajuza, masharubu meupe, miguu ya nyuma haimtii. Kituoni kulikuwa na desturi moja nzuri: panya akistaafu, yule aliyemlea anapewa kilemba aonje maisha yake, tangu uzi ulipowashwa hadi leo, mashine ikiyapitisha harakaharaka. Waliita kuonja. Watu walitoka humo wakilia na kucheka, wakitafuta karanga.

Nsajigwa, fundi wa nyuzi, alikuja na kilemba mkononi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye mzaha kwa kila jambo isipokuwa chakula.

"Mama Lusajo, kaa vizuri. Ukianza kutafuna meza, nakuvua."

"Wewe mwenyewe ulivyoonja ulikula karatasi ya mahudhurio."

"Ilikuwa na chumvi," alisema Nsajigwa, akamvalisha.

Sasa hapa ndipo palipotokea kosa, na bila kosa lile Subilaga angestaafu kwa amani na keki. Desturi nyingine ya kituo ilikuwa kukata kitovu. Kila uzi ulianza kurekodi ulipowashwa tu, na dakika tisa za mwanzo zilijaa mkwaruzo, kelele tupu za kuumiza macho hata ukizitazama kwenye kioo. Wote walisema ni uzi unajipasha, kama redio yenye betri mpya. Nsajigwa alizikata dakika hizo bila kuzionja, akazitupia kwenye pipa la kumbukumbu walilolibatiza debe la vitovu. Nani humuuliza kitovu habari? Kinakatwa, kinafukiwa, mtoto anaendelea. Lakini Kisa alitiwa uzi kabla desturi hiyo haijazoeleka. Chake hakikukatwa. Nsajigwa hakukumbuka kuangalia.

Subilaga alifumba macho akingojea joto la kiota.

Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu baridi ikaja. Na haikuwa baridi ya ngozi. Ilikuwa moto mweupe uliomshika kutoka ndani ya mifupa. Alitaka kuvuta mguu, mguu haukuwepo. Alitaka kulia, mdomo haukuwepo. Kitu kilipita juu ya kichwa chake, kikapita tena, kikavuta, na kila kilipovuta alijua kimevuta. Hakuna alichokosa kukijua. Kisha joto likarudi, na joto lilikuwa baya kuliko baridi, kama miguu yote minne imetumbukizwa kwenye mafuta ya maandazi. Na palepale, katikati ya moto ule, ikashuka sauti kutoka juu, kubwa kama ngurumo ya mlima, nzito, yenye furaha.

*Ugonile?*

Nsajigwa alimkuta sakafuni, kilemba kimemtoka, kiti kimepinduka.

"Mama Lusajo! Nini? Moyo? Nimwite daktari?"

Subilaga aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama ya kuazima.

"Ile sauti ni yangu," alisema.

*

Walifungua debe la vitovu siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana. Nsajigwa aliukataa wali wake, jambo ambalo halikuwahi kutokea wala kudhaniwa. Alichagua vitovu vitatu bila mpango, kimoja cha mwaka jana, kimoja cha mwezi jana, kimoja cha wiki iliyopita. Alivaa kilemba, akakionja cha kwanza sekunde arobaini, akavua.

"Sitaki vingine," alisema. Jasho lilimtiririka shingoni. "Mama, mimi nimevikata zaidi ya elfu moja. Nilikuwa nakula maandazi huku nakata."

"Na mimi nimeweka dole zaidi ya elfu moja."

"Lakini hawasogei! Unawabana mguu, hawavuti!"

Subilaga alikuwa ameshalifikiria hilo sakafuni. "Baridi inafika kwanza miguuni, Nsajigwa. Inashika misuli. Kule ndani inafika mwishoni, au haifiki. Sisi tumekwenda nyumbani kwa mtu, tumemfunga miguu na kumziba mdomo, tumebisha hodi, hakuitika. Tukaandika: hakuna mtu."

Mvua iliongezeka juu ya bati. Birika, lililokuwa limerudishiwa umeme na mhudumu, liliuliza kama kuna anayehitaji chai ya kutuliza.

*

Dokta Fulgence Rweikiza, mkurugenzi, hakuwa mtu mbaya, na hili lisemwe mapema. Alikuwa na makovu viganjani aliyoyapata akichimbua watu kwa mikono kabla nyuzi hazijabuniwa. Alimsikiliza Subilaga hadi mwisho. Kilemba alichowekewa mezani hakukigusa.

"Mama Lusajo, ubongo wa siku tatu haujui maumivu. Ni ishara tu zinapita. Hakuna mwenyeji wa kuzipokea."

"Mbona alinipokea mimi? Salamu yangu ameitunza miaka saba."

"Uzi umeitunza. Si panya."

"Basi vaa, daktari. Kama hakuna mtu humo, utakaa dakika tisa kwenye chumba kitupu."

Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Masika yameanza. Chunya wametuomba vichanga arobaini watiwe nyuzi kufikia Ijumaa, ili wawe tayari msimu wa mabomoko. Arobaini. Kwa barafu hafi hata mmoja, wewe unajua. Ile dawa ya usingizi ya kuvuta puani tuliijaribu mwaka wa pili. Ulikuwepo."

Alikuwepo. Thelathini walilazwa kwa dawa ya kuvuta. Kumi na mmoja hawakuamka. Sita waliamka, wakaliwa na mama zao.

"Sasa nieleze," daktari aliendelea, akionyesha picha ukutani, "kati ya hawa, nimwondoe nani? Nikipata panya wachache, kuna watu hawatatolewa. Nimwondoe huyu wa thelathini na moja?"

Hapo alimpiga penyewe. Subilaga alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba taa, iliyozoea kudhani chumba kimya ni chumba kitupu, ilijizima. Akapunga mkono ikawaka.

"Mimi siwezi kukujibu hilo," alisema. "Ninachoweza ni kukwambia nililoliona. Fomu inaniuliza swali moja tu, daktari: anahisi, hahisi? Haikuniuliza kama ana faida. Nimeijibu uongo miaka kumi na moja kwa kutojua. Sasa najua. Dole langu kwenye barafu hulipati tena."

"Nitaleta mlazaji mwingine kutoka Mbeya."

"Lete. Lakini mpaka afike, mlazaji ni mimi, na Sindano inanisikiliza mimi."

"Una miezi mitatu ustaafu, mama. Usijiharibie."

"Mwanangu," alisema Subilaga, na alipomwita mtu mzima hivyo, mtu mzima alijua ameshakosea, "mtu mwenye miezi mitatu ndiye wa kuogopwa. Utamfanya nini?"

*

Alianza Jumanne na mama panya mmoja aliyeitwa Bupe, mwenye vichanga wanne.

Usiku wa Jumatatu alikuwa ameisoma upya ile habari ya wale kumi na mmoja, si kwenye ripoti bali kwenye mikono yake, maana mikono hukumbuka. Barakoa ilikuwa ya panya wazima. Kichanga kilizama humo kama mtu aliyevaa ngoma. Meza ilikuwa ya chuma, na kiumbe kisicho na manyoya juu ya chuma hupoa hata bila barafu. Na walirudishwa kwa mama zao wakinuka dawa. Katika mambo yote matatu, hakuna lililokuwa kosa la dawa.

Alichukua kile kidole cha glavu, kilekile alichokuwa akivizikia vichanga, akakivuta juu ya mdomo wa faneli ndogo kikakaza kama ngozi ya ngoma. Katikati akatoboa tundu kwa sindano ya moto, la kuingia pua tu. Chini akatandika mkeka wa joto, juu yake nyasi za kiota cha Bupe, ili kichanga kilale na kuamka kikinusa kwao. Nsajigwa alishika mita ya dawa.

Kichanga cha kwanza kilikufa.

Hakikufa kwa barakoa wala meza. Kilikufa kwa woga wa Subilaga. Kilipokunja kidole kimoja, kidogo kama mbegu ya mchicha, aliona baridi ile yote imerudi, akasema, "Ongeza," na Nsajigwa akaongeza, na kifua kile, chembamba hata ukaona maziwa tumboni chini ya ngozi, kikasimama.

Walikisugua. Walikipulizia. Hakuna.

"Tuache, mama?" Nsajigwa aliuliza kwa sauti ndogo.

Subilaga alichukua fomu. Akakata kwa kalamu yale maneno mawili yaliyochapwa, na pembeni akaandika kwa mkono: *Amekufa. Dawa ilizidi. Nilimwua mimi.* Akaweka dole. Kisha akavua miwani, akajipangusa uso kwa kiwiko, akanawa mikono.

"Akikunja kidole, safari hii tunangoja," alisema. "Kukunja kidole si kuamka. Hata wewe ukilala unapiga mateke, mkeo amelalamika."

Wa pili alikunja kidole. Wakangoja. Akatulia mwenyewe. Subilaga alihesabu pumzi kwa kugusa meza, tap, tap, tap, na alipokuwa na uhakika, akakata tena yale maneno mawili kwenye fomu, akaandika moja: *Amelala.* Dole. Sindano ikasita kidogo, maana neno hilo haikulizoea, kisha ikafanya kazi.

Dakika ishirini na tano, kichanga kimoja. Kwa barafu zingekuwa kumi na tatu.

Wa pili, wa tatu, wa nne. Wote wakarudi kwa Bupe, Bupe akawanusa, akawalamba, akajilaza juu yao kama mtu anayekalia pochi yake. Nsajigwa alivaa kilemba kusikiliza vitovu vyao. Alikaa dakika tisa zote bila kutikisika, hadi Subilaga akadhani amesinzia.

"Vipi? Kuna nini humo?"

"Hakuna," alisema Nsajigwa. Macho yalimlowa. "Mama, hakuna kitu kabisa. Mwishoni tu, harufu ya nyasi."

*

Ijumaa ilifika na ukungu uliokaa mlangoni kama mgeni asiyejua aketi wapi. Daktari Rweikiza aliingia na mlazaji kutoka Mbeya, Bwana Chengula, mtu mrefu, mkimya, aliyebeba koti lake jipya mkononi kwa heshima. Sinia la barafu lilishatengenezwa. Vichanga thelathini na sita, waliotimiza siku ya tatu asubuhi hiyo, walikuwa kwenye viota vyao, wakisubiri bila kujua.

Nyuma yao akaingia Ambokile.

Hakuna aliyemwita. Alikuwa msimamizi wa waokoaji wa Chunya, na kila mwezi alikuja kuchukua panya waliokomaa. Lakini daktari alikuwa amemweleza yote njiani, na uso wake haukuwa ule wa kwenye picha.

"Dada, ni kweli ninayosikia? Umegoma?"

"Ingia kwanza, mdogo wangu. Habari za—"

"Habari za huko ni mvua! Jumatano tumemfukua mtu mmoja amekufa, tulichelewa saa sita kwa kukosa panya. Saa sita, dada! Halafu naambiwa dada yangu mwenyewe anahurumia vichanga visivyo hata na macho! Mimi unajua nilikuwa wapi. Unajua!"

"Najua."

"Siku tatu chini ya udongo! Basi ungeniacha huko."

Hata birika, ambalo halikuwa na haya, halikuuliza kama kuna anayetaka chai.

Subilaga alichukua kilemba mezani. Alikisogeza kwanza kwa daktari.

"Kwa mara ya mwisho, daktari. Ni kitovu cha Kisa. Ukivaa, ukatoka ukasema humo hakuna mtu, naweka dole mimi mwenyewe, kwa wote hawa, na mia ukitaka."

Daktari alikitazama kilemba. Mkono wake ulinyanyuka nusu, ukarudi mfukoni. Watu wote waliuona ulivyorudi.

"Hilo si la kisayansi," alisema.

"Niletee mimi," alisema Ambokile kwa hasira. "Nivisheni. Nimalize huu upuuzi tukafanye kazi."

"Ambo, si lazima wewe."

"Kisa ni panya wangu kuliko wako. Nivishe."

Akamvisha. Ambokile alikaa ameweka mikono magotini, ameinua kidevu, kama mtu anayenyolewa na kinyozi asiyemwamini. Dakika ya kwanza midomo yake ilikuwa bado imekunjwa kwa dharau. Ya pili, mikono ilishika magoti. Ya tatu Subilaga akanyoosha mkono amvue, na yeye, macho yamefumbwa, akatikisa kichwa: acha. Alikaa zote tisa. Machozi yalishuka pande zote mbili na hakuyafuta, maana mikono yake haikusogea hata kidogo. Ilikuwa kama imesahau kwamba ipo.

Alipovuliwa, alivikunjua vidole kimoja kimoja.

"Ni kulekule," alisema hatimaye.

"Kulekule wapi?" aliuliza daktari.

"Chini. Nilikokuwa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Udongo umekubana, huwezi kuvuta mguu, huwezi kuita. Unasikia kila kitu juu yako. Unasikia watu wanaongea, wanacheka, wanasema hapa hakuna mtu, twendeni kule. Ni palepale, daktari. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayepajua." Akamgeukia Kisa, aliyekuwa amelala kwenye kikapu chake karibu na dirisha, masharubu yakicheza. "Kumbe yeye alinitangulia. Mlimtia kule ili aje anitoe mimi."

"Na alikutoa," daktari alisema. Hakusema kwa ukali. "Uko hai, Ambokile."

"Niko hai."

"Kwa dawa ya kuvuta tungekuwa na panya wachache. Labda Kisa angechelewa. Siku moja, mbili."

Ambokile alimgeukia dada yake.

"Ningesubiri," alisema.

"Wengine hawakuwa na nafasi ya kusubiri. Yule wa Jumatano hakuwa nayo."

"Yule simsemei. Sina ruhusa yake, na wewe huna, na mzigo wake nitaubeba mimi nikifika Chunya, mbele ya mkewe. Najisemea mwenyewe, mtu wa thelathini na moja ukutani kwako. Usitumie tena picha yangu. Mimi ningesubiri."

Daktari alimgeukia Bwana Chengula. "Tuanze. Fomu hizi hapa."

Bwana Chengula, ambaye tangu aingie alikuwa hajasema hata neno, aliutazama mstari wa fomu uliosomeka MNYAMA HAHISI, akautazama uso wa Ambokile uliokuwa bado umelowa, akalikunja lile koti jipya mara mbili kwa uangalifu na kuliweka kitini.

"Dole langu hapo siliweki, mkuu," alisema. Kisha akamwinamia Subilaga, akaonyesha ile faneli. "Samahani, mama. Hii ngozi ya barakoa umeikaza na nini?"

"Kidole cha glavu. Cha kati, cha pembeni hupasuka."

"Na tundu?"

"Sindano ya moto. Njoo nikuonyeshe."

Subilaga alinyanyua sinia la barafu kwa mikono yote miwili. Lilikuwa zito. Alifungua dirisha kwa kiwiko, akalimwaga lote nje kwenye mvua ya Rungwe, na mvua ile, iliyoshazoea kumeza kila kitu, ikaimeza bila swali. Akafunga dirisha.

"Leo mnaweza kufanya wangapi?" daktari aliuliza nyuma yake. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti mbele ya kilemba. Hajakivaa. Lakini alikuwa amekaa.

"Tukiwa walazaji wawili, kumi na wawili."

"Kumi na wawili tu. Niliahidi arobaini."

"Kumi na wawili waliolala, daktari. Na mmoja akifa nitaandika amekufa, na nitaandika nani kamwua. Nsajigwa, shika mita. Acha kutetemeka, umeshakula?"

"Nimekula mara mbili."

"Haya."

Kichanga cha kwanza kilikunja kidole. Wakangoja, wanne wamekiinamia, Bwana Chengula amezuia pumzi kana kwamba hewa ilikuwa haba. Kikatulia. Dole. Sindano ikaingia, ikatoka, ikashona. Subilaga alikikunja kiganjani, akakisugua kwa nyasi za mama yake. Rangi yake ya waridi haikuwa imetoka hata dakika moja. Baada ya muda kikaanza kujinyonganyonga.

Hakuwa ametamka ile salamu tangu Jumatatu. Akainamisha uso karibu kabisa, akasema polepole, kwa sauti ya chini, isije ikawa ngurumo:

"Ugonile?"

Kichanga kikapiga mwayo mpana kuliko kichwa chake, kikamkojolea kiganjani. Miaka kumi na moja alikuwa akiuliza, na hilo ndilo lilikuwa jibu la kwanza.